Mstari Nyuma Yangu

Nilishindwa. Nalisema hilo mapema ili usisome ukisubiri nibebwe mabegani. Hakuna aliyenibeba. Lakini ukipita leo kwenye kibanda changu cha kushona viatu utanikuta nimekaa wima kuliko zamani, na sababu ninayo.

Tawi letu la chama lina ofisi ya chumba kimoja chenye dirisha moja. Mwenyekiti wetu anauza vifaa vya ujenzi, na mtaani tunamwita Mzee Mifuko. Duka lake likijaa, saruji anaihamishia ofisini. Mwanzo ilikuwa mifuko michache tu pembeni. Halafu benchi zikatolewa nje. Halafu meza. Ikafika mahali siku ya mkutano wanachama tunakalia saruji, na tukitoka makalio yote ya kijivu, watoto wanatushangilia njia nzima.

Mimi mdomo wangu hauna mlango. Shule niliiacha mapema, na kuzungukazunguka na maneno sikuwahi kufundishwa. Siku moja nikasimama mkutanoni nikauliza, "Mwenyekiti, hii ni ofisi ya chama au stoo yako?"

Watu wakacheka chinichini. Mzee Mifuko hakukasirika. Alijifuta jasho taratibu.

"Fundi, kama kiti unakiona kitamu, uchaguzi si huo unakuja? Chukua fomu."

"Nitachukua."

"Chukua basi. Tuone nani atasimama nyuma ya mshona viatu."

Alijua anachosema. Kwenye tawi letu hatupigi kura kwa karatasi. Wagombea wanasimama wameelekeza nyuso ukutani, na wanachama wanajipanga, kila mtu nyuma ya anayemtaka. Mgombea haruhusiwi kugeuka mpaka hesabu iishe, asije akawatisha watu kwa macho, na mstarini ni marufuku kusema. Lakini hao waliojipanga wanaonana wote, mchana kweupe. Na mafundi karibu wote wa mtaa wetu wanapata kazi kupitia duka la Mzee Mifuko. Mteja akinunua tofali, yeye ndiye anayemwambia amchukue fundi gani.

Mmoja wa mafundi hao ni kaka yangu, mwashi. Baba alipofariki, yeye ndiye aliyenilea na kuninunulia nyundo yangu ya kwanza. Nilipochukua fomu sikumwambia. Akaja kibandani, na hakukaa.

"Nasikia unagombea."

"Ndiyo, kaka."

"Nasikia kwa kinyozi! Nimekaa na povu mashavuni, naelezwa habari za mdogo wangu na kinyozi. Mimi kwako ni nani?"

"Kaka, nilitaka..."

"Ulitaka nini? Uliogopa nitakukataza."

Ilikuwa kweli.

"Kazi zangu zinatoka wapi?"

"Kwa Mzee Mifuko."

"Haya. Kwenye hesabu zako mimi nitoe."

Akaondoka, na viatu vyake vikasikika mpaka mwisho wa barabara: ta, kimya, ta, kimya. Kaka huburuta mguu wa kulia, kwa hiyo kisigino cha kulia huisha haraka. Nilimpigilia kipande cha chuma upande huo tu. Mtaani kwetu hakuna viatu vingine vinavyolia namna hiyo.

Tangu siku hiyo hakukanyaga kibandani. Mimi nikaendelea na kampeni, kama kuongea na wateja huku nimeshika sindano ni kampeni. Jioni moja mke wangu akaniambia, "Baba watoto, hebu acha kujidanganya. Kushindwa huogopi. Unaogopa kaka yako asije."

Alikuwa amegonga palepale.

Siku ya uchaguzi tukakusanyika kwenye uwanja nyuma ya ofisi. Msimamizi alitoka makao makuu ya chama, bibi mmoja mkavu mwenye filimbi shingoni. Mzee Mifuko akahutubia mpaka watu wakaanza kutafuta kivuli. Zamu yangu ilipofika nikasema, "Mkinichagua, saruji inatoka na benchi zinaingia. Nimemaliza."

"Na makalio yetu yatapona!" mama mmoja akapiga kelele. Hata msimamizi akageuka pembeni kuficha kicheko.

Tukaelekea ukutani, mimi kushoto, Mzee Mifuko kulia. Ukuta ule ulipakwa rangi mpaka pale mkono wa mpakaji ulipofika, juu ukaachwa hivyohivyo. Mbele ya pua yangu palikuwa na msumari uliopinda. Filimbi ikalia.

Upande wa kulia kukawa na kishindo cha mabuti ya mafundi, kama wanakwenda kupanga foleni ya mshahara. Nyuma yangu, kimya. Mzee Mifuko akakohoa kidogo, kikohozi cha mtu aliyeshiba.

Ndipo nikasikia kandambili. Zilikuja polepole, zikiburuzwa kama zinavyoburuzwa kandambili zote, zikasimama nyuma yangu kabisa mpaka nikasikia pumzi kisogoni. Nikajua ni jirani yangu muuza mkaa, ambaye havai kitu kingine. Nikamshukuru kimoyomoyo. Baada yake zikaja hatua za mke wangu, hizo nazijua hata usingizini. Kisha mtu mwingine, na mwingine. Watu walikuwa wanasubiri tu apatikane wa kwanza.

Nilianza kupumua vizuri. Halafu, kutoka getini: ta, kimya, ta, kimya.

Vikaja moja kwa moja. Vikapita nyuma ya mstari wangu bila hata kupunguza mwendo, vikaenda kulia, vikasimama.

Sitaficha, macho yaliniwasha. Niliukodolea ule msumari mpaka nikauona miwili. Nikasema moyoni, sawa, ana familia, ana kazi, na mimi ndiye niliyeanza kumdharau. Kisha nikajiambia: simama vizuri, wewe. Wapo waliokuja. Nikanyoosha mgongo.

Msimamizi akahesabu akipita, akarudia tena. Filimbi ikalia. "Wagombea, geukeni!"

Nikageuka, na uso wa kwanza kuuona ulikuwa wa kaka yangu. Alikuwa pua kwa pua na mimi, amevaa kandambili, moja imefungwa waya. Nyuma yake mstari wangu ulikwenda mpaka kona ya ofisi, ukakunja.

"Kaka? Ni wewe?"

"Ulidhani nani, mzimu?"

"Na viatu vyako? Nimevisikia vikienda kule!"

Akanionyesha kwa kidevu. Kwenye mstari wa Mzee Mifuko alisimama mtoto mkubwa wa kaka, dereva wa lori la dukani, ndani ya vile viatu vya baba yake, anatazama chini.

"Mwanao alitaka kupendeza mbele ya bosi wake," kaka akasema. "Nikamwambia nenda, wewe ndiyo kwanza umeoa, usicheze na kazi. Viatu nimemwazima. Mimi mwenyewe siazimwi."

Msimamizi akatangaza. Mzee Mifuko alinizidi kwa watu ambao wangeenea kwenye benchi moja ya kibandani kwangu. Akaja kunipa mkono, lakini macho yalikuwa kwa kaka.

"Mwashi, hata wewe?"

"Hata mimi. Kesho nakuja kumalizia ukuta wako kama kawaida. Kama umepata fundi mwingine, sema sasa nisipoteze nauli."

Mzee Mifuko akautazama ule mstari wangu, ambao hakuna mtu aliyekuwa ameuacha. Akatazama na ofisi.

"Njoo," akasema. Kisha akamwita dereva wake, na sauti ilikuwa ya chini. "Kesho asubuhi lete lori hapa. Tupunguze hii mifuko."

"Tupunguze au tumalize?" nikauliza.

"Tumalize, Fundi. Tumalize."

Watu wakapiga vigelegele kana kwamba mimi ndiye niliyeshinda. Kaka hakupiga. Alivua ile kandambili yenye waya, akanikabidhi mkononi, akabaki amesimama na mguu mmoja chini kwenye vumbi.

"Ishone leo," akasema. "Na safari nyingine ukigombea, niambie kabla ya kinyozi."