Shuka Nyeupe Malishoni

Maneno yalianzia soko ya Kwa Vonza: kuna msichana anaburuta sanda kwa nyasi pale mbuzi hulishwa, na mahali sanda imepita lazima mtoto azikwe. Nilicheka pamoja na wengine. Lakini nikisonga ugali, nikiomba kanisani, hiyo sanda ilikuwa mbele ya macho yangu.

Halafu kitinda mimba wangu, Kalunde, akashikwa na homa. Kichwa kilimuuma mpaka hakutaka mwanga. Kliniki wakapima malaria, hakuna. Tukarudishwa nyumbani na dawa ya maumivu, na homa ikazidi kupanda.

Aftin, yule wa Mwingi ambaye hununua mbuzi zetu, akanikuta nalia.

"Mama Kalunde, wacha nimpigie Kathini."

"Kathini gani?"

"Wa shuka nyeupe."

"Wa sanda! Aftin, unataka kunimalizia mtoto?"

Alicheka mpaka akashika ukuta. "Wallahi, ni maiti gani huvikwa kupe? Yeye na wenzake wa utafiti wanaburuta shuka ndio kupe wajishike hapo. Mimi mwenyewe huwapelekea wale wa ngamia na mbuzi kutoka Mwingi. Wenzao wa maabara wanatafuta ni kupe gani anabeba homa gani."

Kathini alikuja, kasichana kembamba ka Kibwezi, viatu vumbi tupu. Aliniomba ruhusa kabla ya kumgusa mtoto. Nyuma ya goti akaona kidonda kidogo chenye kigaga cheusi.

"Mwaitu, mama yangu, hapa palikuwa na kupe?"

"Nilimtoa na mafuta taa, vile mama alinifundisha. Nikampasua na kucha, nikatupa motoni."

"Haki mwaitu, umechoma shahidi!"

Akampigia daktari wa kliniki, maana wanafanya hiyo kazi pamoja, akamweleza juu ya kigaga. Daktari akasema hiyo yaweza kuwa homa ya kupe, mtoto aletwe mara moja, dawa haiwezi kungoja majibu ya maabara. Aftin alimlaza kwa pikapu yake, mapajani pangu, mbuzi wakilia nyuma yetu. Kalunde akafungua macho.

"Mama, na mimi naenda kuuzwa?"

Nililia na kucheka.

Dawa ilimshika vizuri. Siku aliitisha uji, nilimpikia sufuria nzima. Sasa Jumamosi mimi na yeye ndio tunashika ncha za ile shuka, Kathini akiokota kupe na kuwatia kwa chupa. Tukifika nyumbani namkagua mpaka nyuma ya masikio, naye analalamika, "Mama, mimi si mbuzi!" Acha alalamike.

Akina mama wenzangu, haya muyaepuke:

Usimwagie kupe mafuta taa, wala kumchoma.

Usimpasue na kucha. Mbane karibu na ngozi na kibanio cha nyusi, umvute polepole, halafu unawe.

Usimtupe; mweke kwa chupa.

Mtoto akitoka malishoni, asilale kabla hujamkagua.

Homa ikija, usifiche kwamba aliumwa na kupe. Mwambie daktari hata kama hajauliza.

Na usimkimbie msichana wa shuka.