Boti Bado Inalowa

Ko. Ko. Ko. Kisha kimya, kisha ko nyingine.

Tuliisikia sauti hiyo tukiwa bado chini kwenye mchanga wa mto mkavu, mimi na Tracy, ninayeishi naye, mabegi mgongoni, kabla hata paa la nyumba yetu halijaonekana. Nyundo juu ya mbao. Nilisimama.

"Wanatengeneza jeneza," nilisema.

"Jeneza linanunuliwa Matuu, Kiema," Tracy alinijibu akinivuta mkono. "Twende."

Alisema kweli. Nyuma ya nyumba, chini ya banda la mabati, baba yangu Kitheka alikuwa amepiga magoti kando ya boti yake ya zamani. Alikuwa akigonga ubao mmoja mmoja kwa nyundo ndogo, sikio amelilaza juu ya mbao kama daktari. Kuku aliyekuwa ametaga humo alikuwa amesimama ukingoni akilalamika.

"Umekuja na mikono?" baba aliniuliza bila kuinua kichwa.

"Nimekuja nayo, Nau," nilisema. Ndivyo tunavyomwita baba kwa Kikamba.

"Na mdomo?"

Kwenye simu alikuwa ameniambia: njoo na mikono, mdomo uuache huko Mlolongo. Ananijua. Mchana napakia mawe kwenye machimbo, jioni natunga mashairi ambayo hakuna aliyenifundisha kuyatunga, na kazi zote mbili zimeninoa ulimi.

Mama alikuwa amefariki wiki iliyotangulia. Kavutha, mama yangu. Presha ilimpanda, akalazwa, hakurudi. Alikuwa mochari, na mazishi yalikuwa Jumamosi. Lakini azikwe wapi? Hilo ndilo lililokuwa limemleta baba chini ya banda lile, kwa boti ambayo hakuwa ameigusa tangu nikiwa shule ya msingi.

Zamani baba alikuwa akivusha watu kwenye bwawa la Masinga, kutoka upande wetu hadi Makima, ng'ambo, ambako pia wanaishi Wakamba wengi. Siku moja abiria wote walishuka upande wetu isipokuwa msichana mmoja aliyekuwa na ndoo ya samaki. Hakushuka, na jioni hakurudi kwao. Ndivyo walivyoanza maisha. Baba alisema atapeleka mbuzi wa ntheo msimu ukiwa mzuri. Kwetu, mbuzi hao watatu ndio ndoa. Wakifika kwa wakwe na mmoja akachinjwa na kuliwa, mwanamke ni wako, akiwa hai na akiwa kaburini. Wasipofika, hata mkizaa na kuzeeka pamoja, yeye bado ni mtoto wa kwao.

Msimu mzuri haukuja. Ulikuja ukame, bwawa likarudi nyuma, abiria wakahamia maboti makubwa, na ya baba ikarudishwa nyumbani kwa mkokoteni wa ng'ombe, ikafunikwa turubai. Kisha ikaja karo yangu. Kisha ukame mwingine. Mbuzi wakawa wa mwaka ujao, mwaka baada ya mwaka.

Sasa mjomba Nzau, kaka yake mama, alikuwa amekuja kwenye mkutano wa matanga na wazee wake, akakataa chai, akasema akiwa amesimama:

"Huyu ni binti yetu. Hamjamtolea hata kwato. Tutamzika kwao."

Baba alimwomba. Alimwomba mbele ya watu, mzee mzima. Mjomba akatazama kule bandani, akaliona turubai, akacheka kwa uchungu.

"Ulimchukua kwa maji, Kitheka. Basi mbuzi walete kwa maji, kwa boti ile ile. Wakifika Ijumaa kabla ya jua kutua, mzike kwako. Wasipofika, sisi kaburi tumeshachimba."

Baba aliponisimulia hayo nilirusha begi chini.

"Anatufanya wajinga! Nau, twende mochari tumchukue mama tuje tumzike. Atatufanya nini? Aje hapa na wazee wake aone!"

"Tumchukue tu?" baba aliuliza.

"Ndiyo!"

"Mara ya kwanza nilimchukua hivyo hivyo."

Niliokota begi langu.

Akarudi kwenye kazi yake. Ko. Ko. Alitueleza huku akigonga. Boti ya mbao ikikaa kavu, mbao hunywea na viungo vyake hufunguka, na ukiitia bwawani inaingiza maji kama chujio. Inatakiwa iloweshwe, mbao zinywe, zivimbe, zishikane. Na hapa kwetu maji yanakuja kwa punda. Nani ataipa boti maji ya kunywa?

"Miaka yote hiyo," alisema. "Hii sasa ni kuni tu. Lakini nitajaribu. Nikizama, nizame nikienda."

Akashuka na nyundo hadi mbao za chini. Nyundo ikasema, ndu.

Akasimamisha mkono. Akagonga tena. Ndu. Sauti nzito, ya kitu kilichoshiba.

"Umesikia?"

"Imeoza," nilisema.

"Iliyooza husema fu. Hii haijaoza."

Tracy hakungoja tumalize. Alivua viatu, akaingia ndani ya boti, akamhamisha kuku na mayai yake, akaanza kufunua magunia yaliyokuwa yametandikwa chini. La kwanza lilikuwa kavu, likavunjika vumbi. La pili kavu. La tatu alilishika, akalinusa, akanitazama kwa namna ambayo sikuipenda.

"Liko na unyevu," alisema. "Na linanuka sabuni."

Baba alilichukua. Akalipeleka puani. Nilimwona akizeeka hapo hapo, gunia usoni.

Kila Jumamosi mama alikuwa akifua. Hilo nalikumbuka tangu utoto wangu. Akimaliza, hakumwaga maji uani kama wanawake wengine. Alilibeba beseni hadi nyuma ya nyumba, polepole, asimwage hata tone. Baba alikuwa akigomba: maji yanakwenda wapi katika nyumba hii? Mama alikuwa akijibu, "Yanaenda kazini."

"Nilidhani ananywesha kuku," baba alisema.

"Kuku hawanywi sabuni, Baba," Tracy alimwambia taratibu.

Yeye alikuwa mtoto wa ufukweni, mama. Alijua boti inavyokufa. Aliilowesha Jumamosi baada ya Jumamosi, kimya, katika nchi ambayo mtu huoga kwa kikombe, ili siku baba atakapokumbuka, asipate kisingizio. Magunia ya juu yalikuwa yamekauka tangu siku aliyolazwa.

Nililia nikiwa nimeupa mgongo ukuta wa banda. Sioni haya kusema. Kisha nikapangusa uso, nikauliza, "Tuanzie wapi?"

Tulianza na viungo vya juu, ambako maji yake ya kufulia hayakufika. Tulisokota pamba, tukaichovya kwenye lami ya moto, tukaisukuma kwenye nyufa kwa patasi butu. Baba alitukataza kukaza. "Acha nafasi. Mbao ikinywa itataka mahali pa kupumulia." Tracy mikono ilimjaa malengelenge, akaendelea kusokota.

Injini tulimwachia Musau, fundi wa bodaboda pale sokoni. Alikuja na sanduku la spana na maneno yake mengi. Akaifungua, akachungulia, akapiga mluzi.

"Mzee, hii si injini. Hii ni nyanyake injini."

"Itawaka?"

"Nimetoa kiota cha nyigu kwa kabureta. Petroli imegeuka asali. Hata nyigu wenyewe walihama, wakasema nyumba ni mbovu."

"Musau, itawaka?"

"Nyanya akiamshwa kwa heshima anaamka. Lakini niletee pipa la maji. Hii kitu ukiiwasha bila maji inajichoma."

Pipa la maji! Wakati wa kiangazi! Nilikuwa nikitafuta la kusema wakati majirani walipoanza kuingia uani. Habari ya beseni ilikuwa imewafikia, sijui kwa mdomo wa nani. Kila mwanamke alikuja na mtungi wake, wa manjano, mgongoni, kamba kwenye paji la uso. Walimimina bila kusalimia sana. Mmoja, rafiki ya mama wa kanisani, alisema huku akikung'uta tone la mwisho, "Kama yeye aliweza kila Jumamosi, mimi mara moja itanishinda?"

Musau alivuta kamba ya kuwashia hadi shati likamganda. Ikakohoa, ikazima, ikakohoa. Halafu ikanguruma ndani ya pipa, moshi mweusi ukajaa uani, kuku wakatawanyika, na kwa mara ya kwanza tangu kufiwa tukasikia watu wakicheka pale nyumbani. Kicheko hicho kiliniuma kuliko kilio. Mama alikuwa akipenda sana kucheka.

"Sikizeni," Musau alisema akijipangusa. "Mkishaiwasha msiizime mpaka mfike. Ikizimwa katikati ya maji, mimi sina mkono wa kufika huko. Mtapiga makasia, na mamba watawahesabu."

Ijumaa ng'ombe walivuta mkokoteni hadi bwawani, boti juu, sisi pembeni tukiishikilia. Tulipoisukuma majini nilizitazama mbao za chini kwa hofu. Hazikuingiza hata tone. Maji yaliingia juu tu, kidogo, kwenye viungo tulivyoviziba sisi. Pale alipofanya kazi mama hapakuwa na hata ufa.

Mbuzi watatu, walionunuliwa kwa michango ya matanga, tuliwafunga miguu tukawalaza katikati. Tracy alikaa nao akichota maji kwa kopo na kuyatupa nje. Baba alishika usukani. Hakuwa amesahau. Mkono wake ulijua mahali vilipo visiki vilivyozama na mahali viboko wanapolala. Kelele ya injini ilikuwa kubwa, na ndani yake nikayasema maneno yaliyokuwa yamenikaa kooni siku zote hizo, nikijua hakuna atakayeyasikia ila mama:

*Mama hukudai kitu, ulitia maji yako,*
*Sisi tuliona kutu, wewe ukaona kwako,*
*Leo mbuzi ni watatu, wavuka kwa jina lako,*
*Na huku kwetu si kwetu, bila ya mkono wako.*

Mjomba Nzau alikuwa amesimama ufukweni na wazee wake. Nadhani hakuamini masikio yake hadi boti ilipokwaruza mchanga miguuni pake. Nilikuwa nimemwandalia maneno makali, njia nzima. Baba alishuka kabla yangu, maji hadi magotini, mbuzi wa kwanza mabegani.

"Nzau, nimechelewa," alisema.

Mjomba aliwatazama mbuzi. Akaitazama boti, akapitisha kiganja kwenye mbao za chini, akakuta zimevimba na kushikana.

"Kwa hiyo ilikuwa kweli," alisema.

"Nini?"

"Alikuwa akija kututembelea kwa barabara, kila Desemba. Mama yetu alikuwa akimuuliza, Kavutha, mbuzi wangu wako wapi? Naye alikuwa akijibu, 'Mwaitu, boti bado inalowa.' Tulikuwa tukimcheka. Tulidhani ni njia yake ya kukuficha aibu." Akagusa ubao tena. "Mama yetu alikufa akiuliza. Na huyu amekufa akijibu."

Maneno makali niliyomwandalia niliyaacha, nikamshusha mbuzi wa pili.

Walimchinja mbuzi mmoja. Tulikula nyama tukiwa tumesimama, na kwangu haikuwa na ladha. Mjomba alikata kipande kidogo cha ini, akakiweka juu ya jani, peke yake, akakaa nacho. Tulijua ni cha mama yake, aliyekufa akiuliza. Jua likiwa bado juu alimshika baba mkono mbele ya wazee, akasema, "Mzike kwako. Ni mke wako." Baba aliitikia kwa kichwa. Miaka thelathini alikuwa akilitamani neno hilo, na siku alipolipata hapakuwa na wa kumpelekea.

Tulipokuwa tukiondoka, mjomba alimtazama Tracy, lami kwenye kucha, kopo mkononi.

"Na huyu? Mnaishi wote huko Mlolongo, nimesikia. Mbuzi wake wako wapi, Kiema? Ama na yeye boti yake bado inalowa?"

Siku nyingine ningemrukia. Siku ile niliinamisha kichwa.

Wakati wa kurudi niliendesha mimi. Baba alikaa mbele, mgongo kwetu, mkono mmoja umelala juu ya mbao za chini, kama mtu amshikaye mwenzake kitandani. Tracy alichota maji, akatupa. Akachota, akatupa. Hakuwa amewahi kuniuliza habari ya mbuzi, wala mama yake, anayeuza mitumba Tala, hakuwahi kuniuliza. Nilikuwa nikilichukulia hilo kuwa ni kuridhika.

Nilisema jambo.

"Sikusikii!" Tracy alipaza sauti. "Injini!"

Nilirudia. Akatikisa kichwa, akaonyesha sikio.

Tulikuwa katikati ya bwawa. Nikakumbuka alichosema Musau. Nikanyoosha mkono, nikaizima.

Kimya kilituangukia. Baba aligeuka kututazama, akaona mkono wangu ulipo. Maji yaligusa mbao taratibu. Tracy aliacha kuchota.

"Tracy," nilisema, kwa sauti ya kumfikia baba na fukwe zote mbili, "mbuzi wako watatu watafika Tala kabla ya mvua za Novemba. Nitawaleta mwenyewe, kwa barabara, kwa miguu ikibidi, na wewe utakuwa umekaa pale mlangoni kwenu, hai, ukiwaona wakiingia."