Posa Kutoka Helsinki

Mwadini alikosea jambo moja tu asubuhi ile: furaha ilimtangulia. Dada yake, Daktari Maryam, aliyekuja Germantown, Marekani, kutoka Finland kumtazama mama yao, alimnong'oneza kwamba Waziri Mkuu wa Finland anamtaka yeye Maryam awe Waziri wa Afya, na kwamba hatakubali mpaka apate radhi za mama. Mwadini alisikia nusu ya kwanza tu. Kabla chai haijachemka, alikwisha kulitangazia kundi zima la WhatsApp la jamaa na majirani, hadi watu wa mji wa pili, Riverdale Park.

Na nani angemlaumu? Mtoto wa Wete, aliyeondoka Pemba na sanduku moja, akasomea udaktari kwa Kifini, lugha ambayo neno lake moja lina urefu wa treni! Akaenda kukaa kaskazini kabisa, kwenye mji mdogo ambako jua la Desemba halichomozi, akazalisha wanawake mpaka watoto aliowapokea wakakua, wakampigia kura aingie bungeni. Huyo ndiye dada yake. Mwadini angekuwa na ngoma, angeipiga katikati ya barabara.

Mlango ukagongwa. Jirani yao Kasoki, mwenyeji wa Butembo, Kongo, aliingia na sahani ya maandazi ya moto.

"Mama Zainab, félicitations! Mutoto yako iko ministre!"

Bi Zainab, mama yao, aliweka kikombe chini. "Iko nini?"

Maryam alimtupia kaka yake jicho la kuchemsha birika.

"Siasa?" mama akasema. "Siasa ilimla baba yenu mbele ya macho yangu. Waliomwahidi kiti walimwachia kesi, akafa kwa kihoro. Daktari akipita, watu humuombea dua. Waziri akipita, humuapiza. Radhi sitoi."

"Basi nitawaambia hapana, mama," Maryam alisema taratibu.

Hakuwa anatishia. Mwadini alimjua. Huyu alivuka theluji usiku kumfuata mzazi asiyemjua, lakini hajapata kuvuka neno la mama yake. Mwadini akaona fahari yake inamwagika sakafuni, akajaribu utani.

"Lakini mama, watu wamekuja kuposa, wewe unawafungia mlango hata hujawauliza kwao wapi?"

"Wamekuja wapi?" mama alifyatuka. "Nimemwona mshenga gani mimi? Binti yangu anaposwa kwa simu, tena anaulizwa mwenyewe, kama hana wenyewe! Anayemtaka aje kwa wakubwa wake."

Maryam alicheka, kisha akaona mama hacheki. Akaingia chumbani kupiga simu. Waziri Mkuu, Mfini asiyependa maneno mengi, alisema sawa tu. Muda si mrefu uso wake ulikuwa kwenye simu iliyoegemezwa kwenye chupa ya chai.

"Maryam, kimya," mama aliamuru. "Mwari hasemi kwenye posa yake. Mwadini, fasiri. Muulize ana wake wangapi."

"Mama!"

"Serikali yake, mjinga wee! Ina vyama vingapi?"

Mwadini aliuliza kwa Kiingereza. Jibu likaja: vinne.

"Uke wenza huo. Wanagombana?"

Waziri Mkuu alifikiri. "Kila wiki."

Kasoki aliziba mdomo kwa kitenge.

"Na mkimchoka mwanangu, mtamrudishaje?"

"Atarudi hospitali. Udaktari wake si wangu, siwezi kumnyang'anya."

Mama alitikisa kichwa kukubali. "Haya. Mahari huyataja mwari mwenyewe. Sema, Maryam."

Maryam aliinua uso. Alisema kwa Kifini, kisha kwa Kiswahili: wodi ya wazazi ya mji wake wa kaskazini, ambayo serikali inataka kuifunga. "Ikifungwa, mwanamke mwenye uchungu atasafiri kwenye barafu mpaka ajifungulie njiani. Nataka ibaki."

Sema ndiyo, Mwadini alimwomba Waziri Mkuu moyoni. Sema ndiyo tu yaishe.

"Siwezi kuahidi," Waziri Mkuu alisema. "Vyama viwili vinataka ifungwe. Ninachoweza kusema ni kwamba uamuzi hautapita bila kufika mezani kwake. Atapambana nao, na huenda akashindwa. Nikiongeza neno, nitakuwa namdanganya mama yake."

Ulimi ulimwasha Mwadini. Apunguze hapa, atie sukari pale, na mama angejuaje? Lakini Maryam alikuwa anamtazama, na kwa siku moja alikwisha kumharibia vya kutosha. Akalifasiri lote, na uchungu wake.

Bi Zainab alikaa akiikazia macho ile simu.

"Baba yenu aliahidiwa kila kitu," alisema. "Hakuna hata mmoja aliyemwambia huenda ukashindwa." Akamgeukia binti yake. "Utashindwa?"

"Sijui, mama. Lakini watanisikia."

"Watakusikia! Mwanangu mimi, wasikusikie wana nini?" Akamvuta, akamwekea kiganja kichwani. "Nenda. Radhi zangu unazo, ukishinda na ukishindwa."

Kisha akaachia vigelegele. Kasoki akampokea kwa sauti ya Kikongo iliyotikisa vioo, na nyumba ikajaa.

Waziri Mkuu alisogea kwenye kamera kwa wasiwasi. "Kuna mtu ameumia?"

"Hapana, mheshimiwa," Mwadini alimjibu, kifua mbele. "Umekubaliwa. Kuanzia leo una wakwe Germantown."