Chai Si Kula

"Umekula chochote, mama?"

"Sijala, mwanangu. Tangu jana."

Winfred akatia alama kwenye fomu: amefunga. Alikuwa na miaka sita akipiga picha za matiti katika kituo hicho cha Changamwe, na ulimi wake ulishalizoea swali hilo.

Aliyeketi mbele yake alikuwa Nyale, muuza mbaazi wa Utange. Dada yake, Kaviha, alikuwa amezikwa mwaka uliopita kwa saratani ya titi. Nyale mwenyewe alipigwa eksirei, ikatoka na utusitusi usiosomeka, ndipo akaletwa kwa kipimo hiki cha kudungwa dawa. Dawa hiyo huenda na damu hadi titini, na penye ugonjwa huinywa kuliko jirani zake, pakang'aa kwenye kioo.

Chumba kilikuwa baridi kwa ajili ya mashine. Winfred akamkunjulia blanketi.

"Blanketi? Mombasa, mwezi wa Februari?" Nyale akacheka. "Wanipika ama wanizika?"

Winfred naye akacheka, akalirudisha kabatini, akadunga dawa.

Picha zilipotoka, Nyale aliinua shingo akachungulia. Hapakuwa na nukta hata moja.

"Safi! Ahsante Mungu. Mwanangu Kiponda yuko hapo nje, hajalala siku tatu. Nikamwambie?"

"Ngoja kidogo, mama."

Winfred alikitazama kioo kwa muda mrefu. Titi lote lilikuwa limefifia, hata zile sehemu zisizo na ugonjwa ambazo aghalabu hunywa dawa kidogo. Ni kama dawa haikufika. Akavuta kiti, akaketi karibu na mgonjwa wake.

"Mama, leo asubuhi ulifungua kinywa na nini?"

"Chai tu. Ya maziwa, vikombe viwili." Nyale akafikiri. "Na viazi vitamu, vya kuishushia."

"Uliniambia hujala."

"Sasa nimekula nini? Chai si kula. Sima sijaigusa!"

Winfred akaivuta ile fomu. Mama yake mzazi angejibu vivyo hivyo, wala asingekuwa amesema uongo. Mtu akishakula, damu hukimbilia tumboni. Akishikwa na baridi, damu hujificha ndani. Dawa inayobaki kwa titi huwa haba. Na swali baya lilikuwa lake, na blanketi ni yeye aliyelirudisha kabatini. Akaikata ile alama, akaandika kando: amekunywa chai, amekula viazi, hakufunikwa.

"Picha hii siwezi kuiamini, mama. Nitamwambia Daktari Elkana kosa ni langu, nimwombe turudie."

Uso wa Nyale ukabadilika. "Umenipa uzima kwa mkono huu, wanipokonya kwa huu."

"Sijakupa bado, mama. Sijui kama ninao wa kukupa."

Nyale alivaa leso yake akatoka bila kuaga.

Daktari alikubali. Nyale naye, baada ya wiki mbili, alirudi.

"Shikamoo, mama. Tangu jua la jana litue, ni nini kimepita kinywani?"

"Marahaba. Maji. Hata ufizi sijaulamba."

Safari hii aliliacha blanketi limfunike hadi kidevuni. Paji la uso likamtoka jasho, asilalamike. Winfred alisubiri mpaka vidole vya mgonjwa vikapata moto, ndipo akadunga.

Titi la kulia lilitoka vizuri, laini kote. La kushoto likatoka na punje moja karibu na kwapa, ndogo kama ya mtama, iking'aa.

Nyale akainua shingo akaiona.

"Siku ile ya kwanza nayo ilikuwako?" Nyale akauliza.

"Ni nini hasa atakwambia daktari, mama. Lakini nadhani ilikuwako. Hatukuiona tu."

"Ningekwenda nyumbani nikauza mbaazi zangu."

"Ndiyo, mama."

"Mpaka lini?"

Winfred akaihifadhi picha. "Daktari atakuita wewe na Kiponda," alisema. "Sasa hivi. Unaweza kula kwanza, ukitaka."

Nyale akatikisa kichwa. Winfred akanyoosha mkono amwondolee blanketi, lakini vile vidole vyenye moto vilikuwa vimeushika upindo wake.

"Niachie kidogo," alisema. "Nasikia baridi."