Nilivyoiachia Meza

Mwanangu Tuur alikubali kuja safari kwa sharti moja: mtu yeyote asijue. Ana miaka mitano na bado anakojoa kitandani, kila usiku, kama saa. Daktari alisema tusubiri, mke wangu Hanne naye akasema tusubiri. Mimi sina subira na kitu chochote duniani, lakini kwa hilo nilikuwa nayo, sijui ilitoka wapi.

Tulikuwa tunakwenda sisi watatu kutembelea marafiki zangu, wiki nzima ya Desemba, kwa gari, kutoka kwetu Aalst, Ubelgiji, tukikatiza Ujerumani mpaka milima ya Tiroli kule Austria. Kulala ni kwenye nyumba za watu. Siku moja kabla ya kuondoka Tuur alinisimamisha jikoni.

"Apa, baba."

"Naapa."

"Tema mate."

Nikatema kwenye sinki. Tukapeana mikono kama wanaume wanaouziana gari.

Mpango wetu ulikuwa hivi. Analala upande wangu. Akiamka amelowa hasemi neno, ananivuta sikio la kushoto. Naamka, tunatoa shuka, tunalifua kwenye beseni la kuogea, tunalikausha kwa mashine ya kukaushia nywele, tunalirudisha kabla wenye nyumba hawajaweka kahawa jikoni. Chini ya shuka kuna nailoni niliyoikata kwenye kazi, ile tunayotandika chini ya vigae. Mimi ni fundi wa kuezeka. Shule niliacha na miaka kumi na sita na sijawahi kuikumbuka.

Mji wa kwanza Ujerumani, Trier, ulikwenda vizuri. Wa pili, Ulm, kwa Dieter, ukaenda vizuri zaidi. Dieter ni fundi mwenzangu, nilifanya naye kazi miaka miwili, anaishi peke yake na analala kama gogo. Asubuhi ile Tuur aliishika mashine ya nywele mwenyewe, amevaa soksi tu na fulana, anapuliza shuka kama anapaka rangi nyumba. Dieter alipoamka akamkuta ameshakaa mezani anakula mkate.

"Huyu mbona anaamka kama mwanajeshi?" Dieter akauliza.

Tuur hajui Kijerumani. Akanitazama, akacheka na mdomo umejaa mkate. Nilijisikia baba. Nasema tu ukweli, sijisikii hivyo mara nyingi.

Halafu tukafika Tiroli kwa Stijn.

Stijn ni rafiki yangu tangu utoto, tuliacha shule siku moja, tukapanda paa moja. Alikuja huku kuteleza kwenye theluji wiki moja, akampata Vroni, hakurudi. Sasa anatengeneza lifti za watalii mlimani na wana watoto wawili, Flori wa miaka minane na Resi wa saba. Wale watoto wanaongea lugha yetu vizuri, Stijn kawafundisha, hasa matusi.

Mtu wa Aalst anatania. Kila mwaka tuna karnivali, sherehe ya utani mitaani ya siku tatu, na hakuna anayeachwa, awe padri, meya, marehemu au mama yako. Ukitaniwa unacheka, usipocheka unataniwa mara mbili. Stijn alikuwa bingwa. Mimi nilikuwa wa pili, na wa pili maisha yake yote anamtazama wa kwanza usoni kuona kama kacheka.

Tulifika tarehe tano Desemba mchana. Jioni ya siku hiyo Mtakatifu Nikola anapita nyumba kwa nyumba. Na kwetu anapita. Kwetu ni mzee mwenye ndevu na kofia ya askofu, anafungua kitabu, anamwambia mtoto kwa upole jambo moja zuri na moja la kujirekebisha, anampa chenza na biskuti za mdalasini, kwisha. Mtoto wa dada yangu alimkabidhi chuchu yake ya plastiki mwaka jana, kuonyesha ameacha kuinyonya, akapigwa busu kipajini.

Stijn alinichukua bandani kwake. Mule kulikuwa na wanaume wanne wa kijiji wanapaka mafuta vinyago vya mbao, vyenye pembe na meno ya ng'ombe, na ngozi za kondoo zimetundikwa ukutani. Pombe ya peasi inazunguka kwenye kikombe kimoja. Kwao Nikola hatembei peke yake. Anakuja na mashetani wa manyoya, wanawaita Klaubauf.

"Nikola anataka kitu cha Tuur," Stijn akasema, ana karatasi na penseli. "Kosa moja. Wangu nimeshaandika. Flori kaiba sigara, Resi anamfinya bibi yake."

"Andika anachokonoa pua."

Akawatafsiria wale. Hakuna aliyecheka. Mmoja akapiga miayo.

"Anachokonoa pua," Stijn akasema. "Mshkaji, umekuwa sista? Aalst wakikusikia watakufungia geti."

"Hali karoti."

"Yesu Maria. Bavo, ulikuwa unachekesha wewe. Hanne kakufanya nini?"

Kikombe kilinifikia kwa mara ya tatu. Nikawatazama wale wanaume, mabega kama milango, wananitazama mimi kama mtu anayesubiriwa aondoke.

"Anakojoa kitandani," nikasema. "Tumekojoa Ujerumani nzima. Tukifungua dirisha la gari wanajua tulikopita."

Stijn akatafsiri. Banda likalipuka. Mmoja alikohoa mpaka akapigwa mgongoni, mwingine akanipa kikombe tena bila zamu. Stijn alikuwa anafuta machozi na anaandika.

Baadaye nilimwambia Hanne kwamba nilidhani Nikola wao ni kama wetu, kwamba atamnong'oneza mtoto kwa upole, labda hata ingemsaidia. Hiyo ni nusu. Nusu nyingine nilitaka wacheke.

Saa kumi na moja tukakaa sebuleni. Nyumba za kule zina benchi la mbao linalozunguka pembe ya chumba, na mbele yake meza kubwa. Watoto wanawekwa nyuma kabisa, kwenye pembe. Wanaume wanakaa mbele yao, wameishika meza. Kazi ya mashetani ni kuing'oa meza na kuitoa nje ya nyumba. Kazi ya baba ni kuishika. Meza ikiwa ndani, mtoto haguswi. Hivyo tu, hakuna sheria nyingine.

Upande mmoja alikaa kaka yake Vroni, upande mwingine mimi.

"Baba, umeshika?" Tuur akauliza nyuma yangu.

"Nimeshika."

"Sana?"

"Hata tembo haitoi."

Nikola akaingia, kijana mrefu wa kijiji na ndevu za pamba. Akafungua kitabu, akasoma ya Flori, akasoma ya Resi. Halafu akasema jina la Tuur. Akasoma kwa sauti ya kanisani, na kwa Kijerumani. Mama yake Vroni akaziba mdomo kwa aproni, Flori akaanguka juu ya meza kwa kucheka. Tuur naye akatabasamu. Hakuelewa neno. Alikuwa anatabasamu kwa heshima, kama tulivyomfundisha, mikono juu ya mapaja. Hanne, ambaye Kijerumani anakielewa, akageuka akanitazama.

Nikafikiri, tumepona. Hajaelewa.

Resi akasogea kwenye sikio la Tuur, akamtafsiria. Wala hakunong'ona.

"Kasema wewe ni kikojozi. Kasema baba yako ndiye kamwambia."

Sikugeuka. Nilihisi tu kiatu chake, alikuwa anakigusisha mgongoni kwangu muda wote, kikaondoka.

Mlango ukafunguka kwa teke. Wakaingia watano, kengele za ng'ombe viunoni, harufu ya mbuzi na moshi, taa ikazimwa, ikabaki ya jikoni tu. Wakaidaka meza. Nikavuta. Nakwambia nilivuta kweli, miguu nimeikaza sakafuni, kucha kwenye mbao. Kaka yake Vroni anaguna. Nyuma yangu Tuur hakulia. Nilisikia anahema haraka haraka, kama mbwa mdogo.

Klaubauf aliyekuwa mbele yangu akasogeza kinyago mpaka pembe ikanigusa kipaji. Halafu akaongea Kiaalst, kwa sauti ya Stijn.

"Achia tu, Bavo. Tazama chini. Kashakojoa tayari."

Nikatazama. Mkojo ulikuwa unatiririka kwenye mbao za benchi, unadondoka karibu na goti langu, unatoa mvuke.

Nikacheka.

Sijui nieleze vipi. Haikuwa kicheko kikubwa. Ni kile kinachotoka Stijn akisema kitu, kimetoka hivyo tangu nina miaka sita. Mtu hawezi kucheka na kushika kwa wakati mmoja, vidole vinalegea. Meza ikaondoka, ikagonga fremu ya mlango, ikatoka nje kwenye theluji, na wote wakashangilia.

Tuur akabaki peke yake kwenye pembe, hakuna kitu mbele yake. Suruali imekuwa nyeusi kwa mkojo mpaka magotini. Stijn akamnyanyua kwapani, akamzungusha chumba kizima kama kikombe cha ushindi, watu wamwone, akampaka masizi mashavuni. Mtoto hakupiga teke wala hakuita mama. Alinitazama kila mzunguko ulipomleta upande wangu.

Hanne akamnyang'anya. Stijn akavua kinyago, jasho linamtoka.

"Shemeji, ni mchezo. Kila mtoto wa bonde hili kapita hapa."

"Nisogelee tena," Hanne akasema, "nitakung'oa pembe ambazo hukuzivaa."

"Ilimfaa Flori," Vroni akasema, anafuta benchi kwa kitambaa. Hakusema kwa ubaya. "Tangu mwaka ule hajalowesha tena. Utaniambia mwenyewe."

Asubuhi niliamka kabla ya mwanga, nikalala kimya, nikasubiri sikio. Halikuvutwa. Nikadhani ameamka mkavu. Nikapeleka mkono: godoro lilikuwa baridi, lililowa zamani sana. Alikuwa amelala chali katikati ya ule unyevunyevu, macho wazi.

"Tuur. Njoo tufue, bado wamelala."

"Mwite mama."

"Mama kalala. Twende mimi na wewe."

"Mwite mama."

Nikamwita. Hanne alilifua shuka lile mbele ya Vroni, mchana kweupe, hakuficha. Tuur akakaa kwenye gari na koti lake akitusubiri tuondoke. Stijn alinipa chupa ya peasi dirishani na kunipiga bega. "Usiku mzuri kuliko wote tangu nihamie huku, mshkaji." Nikaipokea.

Tulirudi kupitia kwa Dieter. Tuur aliomba alale sakafuni, upande wa mama yake. Alfajiri nikaamka tena. Alikuwa amekaa, mgongo umeegemea ukuta, viatu miguuni, kamba zimefungwa. Macho mekundu kama ya mtu aliyetoka zamu ya kiwandani. Godoro lake halikuwa na hata mkunjo.

"Mama," akasema, "sijakojoa."

"Umelala, mpenzi wangu?"

"Sijalala."

Dieter akapita na kahawa yake. "Mwanajeshi keshaamka," akasema, akampigia saluti. Tuur hakucheka.

Simu yangu ikaita kidogo. Ni ujumbe wa Stijn. *Vipi, dawa imefanya kazi?* Nikasoma mara mbili. Nikaandika, ndiyo, na nikatuma.

Ndani ya gari joto lilikuwa jingi na barabara imenyooka. Nilimwona kwenye kioo, kichwa kinadondoka, anakishtua, kinadondoka tena. Akamwomba mama yake awe anamfinya akisinzia. Hanne akasema hawezi, lala tu, gari ni letu, lowesha ukitaka.

Basi akapandisha mkono wa sweta lake, akawa anajifinya mwenyewe, kimya kimya, mpaka Trier.