Mjane wa Nansio

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa shemeji yangu Nathaniel ni shati. Kila wageni walipokaribia kufika, alichovya kidole kwenye rangi ya bluu, akajipaka kifuani na kwenye mikono ya shati, kisha akaenda kukaa kwenye banda lake la kuchorea kama mtu aliyechoka sana. Tangu asubuhi alikuwa hajafanya lolote. Alikuwa amelala.

Nilikaa kwake Mkolani kwa sababu dada yangu Evelina ndiye mkewe. Shule niliachia darasa la tano, mama alipougua, na alipofariki dada akanitoa Kisesa akanichukua. Mimi si msemaji. Mtu nisiyemzoea akinitazama, naangalia chini. Akiniuliza jambo, ulimi unakauka. Shemeji aliusifia ukimya wangu mbele ya wageni utadhani ni yeye aliyeununua.

Wageni walipenda kumuuliza picha zake zinatoka wapi. Hapo ndipo alipostawi. Alisema yeye hachagui rangi, rangi humwita. Alisema mchanga anaouchanganya na gundi huuchota ziwani alfajiri, baada ya kuyaomba maji ruhusa, na kwamba kabla ya kuanza picha hufunga kula mpaka aione. Mchanga aliuchota kwenye lundo la jirani aliyekuwa anajenga choo. Kuhusu kufunga, mpishi nilikuwa mimi, na sijawahi kuona ugali wake ukirudi jikoni.

Siku moja alinikalisha juu ya ndoo iliyopinduliwa, akanifunga kaniki, akanibana kitambaa kichwani mpaka nikaonekana kama nimenyolewa. Akaniambia nifikirie msiba. Nilifikiria maharage niliyoyaacha motoni. Picha ilipokwisha akaiita "Mjane wa Nansio". Nansio, kule kisiwani, sijafika hata leo.

Nilimwambia dada kwamba kwetu msichana ambaye hajaolewa havikwi ujane, hata kwa mchezo. Dada akamfikishia mumewe. Mumewe akajibu kuwa hizo ni hofu za watu wa vijijini, na sanaa haina hofu. Alisema hivyo huku akichokonoa meno.

Wakati huo posa yangu ilikuwa imeshapokelewa. Shimba, fundi pikipiki wa Kisesa, alikuwa ameleta wazee wake, ng'ombe wakatajwa wakakubaliwa, kilichobaki ni siku ya kuwaswaga. Hakuna kitu nilichokitaka duniani kama kutoka katika nyumba ile na kwenda kuwasha moto wangu mwenyewe.

Picha ikapelekwa kwenye maonyesho, katika hoteli moja ya mjini. Mimi nilipewa kazi ya kupitisha juisi. Shemeji alisimama pembeni ya picha, shati limeshapakwa, akaanza. Alisema alimkuta mjane huyu Nansio, amekaa juu ya jiwe, mumewe amemezwa na ziwa. Mjane hakumwambia neno. Ukimya wake ndio uliochora, yeye alishika brashi tu. Watu wakatikisa vichwa. Bwana mmoja kutoka Dar es Salaam akasema hapo hapo kwamba picha hiyo anaichukua, ila habari ya yule mjane iandikwe na ibandikwe nyuma yake.

Mama mmoja akanitazama mimi, akaitazama picha, akanitazama tena. Akaweka glasi yake chini, akanishika mkono.

"Pole sana, mwanangu."

"Asante," nikasema.

Ndivyo tulivyolelewa. Mtu akikupa pole, hata ya kujikwaa, unaipokea, huanzi kumhoji. Lakini kijana wa televisheni ya mtandaoni alikuwa karibu na kamera yake. Jumapili hiyo Kisesa walikuwa wanaonyeshana kwenye simu: mimi kwenye picha, mimi na sinia, shemeji akisimulia habari za marehemu, na mimi nikipokea pole.

Shangazi yake Shimba, mama Teodora, hakutuma mtu. Alikuja mwenyewe Mkolani, Shimba nyuma yake. Dada aliwahi kumvutia mumewe jikoni akamsihi aseme tu kwamba alibuni. Mumewe akajibu kwamba picha ikipoteza mjane wake imekufa, na yeye hawezi kuua. Kisha akaenda sebuleni akakunja nne.

Dada ndiye aliyeanza. Akaapa kwamba mdogo wake hajawahi kuolewa. Mama Teodora akamwambia kwa upole kuwa yeye ni dada, angesema nini kingine. Akamgeukia shemeji.

"Baba, mimi sikuja kwa ajili ya picha. Nauliza, alikufa nani?"

"Mama, msanii hasemi nani amekufa. Anasema kufa kupo."

"Kufa kupo tunajua. Nimezika waume wawili na sikuhitaji brashi. Huyu wa binti aliitwa nani?"

Shemeji akafumba macho, kama afanyavyo rangi inapomwita.

"Mwite Ziwa."

"Haya. Basi ana mume, anaitwa Ziwa." Akanigeukia. "Na wewe ulipewa pole ukapokea. Mtu hapokei pole ya bure. Kama ni uongo, sema."

Nikaangalia chini. Sakafu ya dada ilikuwa na ufa ambao sikuwa nimeuona siku zote nilizoipiga deki.

"Shimba, inuka," shangazi akasema. Shimba akainuka.

Ng'ombe hawakuja. Picha ilikwenda Dar es Salaam na karatasi yake nyuma. Watu hudhani kwamba chuki yangu yote iko kwa Nathaniel, na kweli namdharau, lakini yule ni wa kuzaliwa hivyo. Hata akiomba chumvi anapamba.

Nawe Shimba? Siku niliyokaa kwenye ile ndoo ulikuja kumtengenezea shemeji pikipiki yake. Ulisimama mlangoni mwa banda, ukaniona nimefungwa kaniki, ukacheka mpaka ukashika magoti, ukaniuliza nimefiwa na kuku gani. Ulijua yote. Shangazi yako alipouliza alikufa nani, jibu ulikuwa nalo wewe, na wewe si mtu wa aibu, unabishana na wateja na polisi. Uliangalia viatu vyako. Nathaniel nilimdharau tangu siku ya kwanza. Wewe nilikuwa nakupenda, ndiyo maana nakudharau zaidi.