Barua Zilizokwama Kwenye Printa ya Mkuu

Jirani muuza mkaa, ambaye dirisha lake linatazamana na ofisi ya maji, anadai kwamba Alhamisi ile printa ilitoa barua ishirini na nne ikiwa haijachomekwa kwenye umeme. Anatia chumvi. Ilikuwa imechomekwa, na barua zilikuwa ishirini na tatu.

Tangazo lilibandikwa mlangoni tangu Jumatatu: kibarua anayetaka kuajiriwa alete barua iliyochapwa, Alhamisi, kabla ya saa sita mchana. Ya mkono haitapokelewa. Mpiga chapa wa ofisi hiyo alikuwa kibarua kwa mwaka wa nne. Walimwita Kidole kwa sababu alianza kazi akichapa kwa kidole kimoja. Sasa hutumia vyote kumi, lakini jina limegoma kutoka. Kompyuta yake ilitupwa stoo zamani, fundi akaifufua kwa Linux, mfumo wa bure. Printa ilikuwa chumba cha pili, imeungwa kwenye kompyuta ya karani, yenye Windows.

"Hiyo yako ya bure haiongei na yangu," karani alisema bila kuinua macho. "Na flashi yako usiniletee, ina magonjwa."

"Zitaongea tu, kaka. Hata mawifi huongea."

Kidole alirudi kwenye kiti chake. Ili aifikie printa kwa mtandao wa ofisi, aliandika jina la kompyuta ya karani, kisha jina la printa kama lilivyosajiliwa, Printa ya Mkuu, na palipo na nafasi kati ya maneno akaweka alama ya asilimia na ishirini, kama fundi alivyomfundisha. Kioo kikataka jina la mtumiaji na neno la siri. Akajaribu kuingia kama mgeni, akakataliwa. Akajaribu mara saba nyingine, akibadilisha kitu kimoja kimoja na kukiandika kwenye daftari asije akarudia.

Saa nne kamili aliingia Shangazi, viatu mkononi asichafue sakafu. Ndiye aliyechapa kabla ya Kidole, miaka kumi na mmoja, akazikwa akiwa bado kibarua. Huja kila siku saa hiyo na kukaa juu ya boksi la karatasi.

"Tumia jina langu, mwanangu. Hawajalifuta."

"Neno la siri?"

"Nasubirijibu. Usiache nafasi."

Kidole akaandika. Chumba cha pili printa ikakohoa, ikavuta karatasi. Barua ya kwanza haikuwa yake. Ilikuwa ya Shangazi, ya Januari, miaka kumi na mitano iliyopita, akiomba kuajiriwa. Ikafuata ya Julai. Kila mwaka mbili.

"Wino wangu huo!" karani alipiga kelele. "Futa hizo!"

"Foleni ni foleni," alisema Shangazi. "Mimi nilitangulia."

Kidole alisimama kando ya printa akihesabu. Karatasi ilipokwama, alifungua kifuniko cha nyuma, akaichomoa polepole isichanike, akafunga. Wino ulipofifia, alitoa katriji, akaitikisa, akairudisha. Ya ishirini na tatu ilikuwa yake. Ilikuwa saa sita kasoro dakika nne.

Mkuu wa ofisi alizigonga zote muhuri wa kupokelewa, akazibana kwa stepla, akaziweka kwenye trei. Ndani ya trei mlikuwa tayari na barua nyingine, ya mkono.

Jumatatu iliyofuata jina la aliyeajiriwa lilikuwa moja mlangoni, la mpwa wa mkuu, mwenye ile barua ya mkono.

Kidole alisoma, akaning'iniza mkoba wake kwenye msumari, akakaa. Alichapa barua ya ishirini na nne, yenye majina mawili. Shangazi aliinama begani kwake, akamsahihishia koma moja. Printa haikukwama. Hii ndiyo muuza mkaa anayoijumlisha na zile za Alhamisi, na mtu ukimkosoa anakasirika.

Aliiweka mbele ya mkuu ikiwa bado ya moto, yeye amesimama, Shangazi nyuma yake na viatu mkononi.

"Tunaomba jibu, mzee."

Mkuu alivuta droo, akaanza kutafuta stepla.